Bulbuli wa Flashi

Jumapili ile ilikuwa zamu ya Nematjon kuwakirimu wenzake. Ni wanaume sita wa Kokand, mji wa Uzbekistan, waliosoma darasa moja, na kila mwezi hukutana kwenye nyumba ya chai kando ya mfereji, wakapika pilau wenyewe, wakala, wakasengenya. Halafu eti wanawake ndio wenye maneno! Hebu kaa nao wale mchana mmoja uone.

Siku hiyo kulikuwa na jambo la kuamua. Binti wa Nematjon alikuwa anaolewa mwezi ujao na mwimbaji alikuwa hajapatikana. Nematjon alimtaka Mzee Orif, aliyeimba kwenye harusi ya Nematjon mwenyewe, enzi ambazo bonde zima la Fergana lilimwita Bulbuli, kama yule ndege mwimbaji. Sasa watu wanamwita Bulbuli wa Flashi. Mwaka jana, kwenye harusi ya watu, sauti yake ilikwama katikati ya wimbo ikawa inarudia neno lilelile, na yeye mwenyewe kafunga mdomo. Kumbe ni rekodi ya kwenye flashi! Watu walimcheka hadharani, simu zikanasa, na tangu siku hiyo mialiko ikakatika.

"Sikilizeni hiki kituko," alisema Muqim, muuza matairi, akaweka simu yake juu ya meza.

Ulikuwa wimbo mpya wa Mzee Orif, unaohusu baba anayewasindikiza wanawe stesheni wakatafute kazi Urusi. Sauti ilikwaruza, na pale juu ikapasuka kabisa.

"Loo! Na hapo yuko studio," Muqim alisema. "Bora angestaafu na heshima yake."

"Wewe huna masikio," Nematjon alimjibu. "Mtu ana miaka sitini na sita, anaimba kama mtu wa miaka sitini na sita. Mimi hapo kwenye stesheni nililia."

"Wewe hulia hata ukikata vitunguu, bwana. Siku ya harusi utajuaje kama ni yeye au ni flashi?"

Wakacheka wote, isipokuwa Odiljon. Yeye alikuwa anakata karoti, na kisu kilikuwa kimesimama. Odiljon ndiye mwenye spika na mitambo; harusi ile ya aibu, mitambo ilikuwa yake.

Siku ya harusi ile Mzee Orif alikuja na homa, sauti imekauka. Alimwambia Odiljon, "Nitaimba nyimbo mbili tu, hivihivi nilivyo. Watu watanivumilia." Lakini Odiljon aliogopa. Aliogopa wenye harusi watalalamika, watasema spika zake mbovu, naye ana watoto watatu wanaokula kwa harusi za watu. Mzee alipofungua mdomo, Odiljon akafungulia rekodi ya zamani bila kumwambia. Mzee alimgeukia mara moja tu, kisha akaanza kuchezesha midomo ili asimwumbue. Flashi ilipokwama, akasema kwenye kipaza sauti, "Kosa ni langu, nisameheni." Na Odiljon akanyamaza. Mwaka mzima, jamani! Lile jina la utani hulisikia kila mahali, na bado ananyamaza.

"Ni mimi," alisema sasa.

"Wewe nini?"

"Niliyeweka rekodi. Mzee hakujua. Haki ya Mungu, hakuniagiza."

Muqim akamtazama, kisha akatabasamu. "Odil, acha kumkingia kifua. Tunajua unampenda."

"Nasema kweli!"

"Basi tumuulize mwenyewe," Nematjon alisema. Alipiga simu, akaiweka wote wasikie. Baada ya salamu na kuulizana hali za nyumbani, akasema, "Mzee wangu, Odil anadai ile rekodi aliiweka yeye bila wewe kujua. Ni kweli?"

Mzee Orif alikohoa. "Odil kasema hivyo? Ana moyo mzuri huyo. Hapana, mwanangu. Nilimwagiza mimi. Msimharibie kazi, ana watoto."

Odiljon akaruka, akaishika simu. "Mzee, ni mimi hapa! Waambie ukweli, nakuomba."

"Odiljon! Watoto hawajambo? Haya, kuleni, pilau isije ikapoa." Simu ikakatwa.

"Umesikia?" Muqim alisema, kwa upole sasa. "Mwenyewe kakiri."

"Anadanganya kwa ajili yangu! Hamwoni?"

"Tunaona, ndugu yangu. Tunaona ulivyo na utu."

Nematjon alishusha pumzi. Alimpenda mzee, lakini harusi ni ya binti yake, na wakwe watasema. "Basi nitamchukua yule mwimbaji kijana wa Margilan," alisema. "Ila mitambo ni ya Odil, hilo halina mjadala. Mtu anayejitwika aibu ya mwenzake, nimwache niende wapi? Utakuja, Odil?"

Odiljon aliwaza karo, akawaza viatu vya watoto vya majira ya baridi. "Nitakuja," alisema.

Sinia likaletwa. Nematjon akachota pilau kwa vidole, akaibana vizuri pamoja na kipande cha nyama kinono kuliko vyote, akamnyooshea Odiljon mdomoni, kama mwenyeji amfanyiavyo mgeni anayemheshimu mbele ya watu. Heshima hiyo haikataliwi.

Odiljon alifungua mdomo, akala, na wenzake wakampigia makofi.