Kisiwa Walichokipima Wenyewe

Hosiana Makoye alipoambiwa kwamba kisiwa chao ni kidogo mno kuwa kijiji, hakuinuka kwenye kiti.

"Nani kasema ni kidogo?"

"Ramani, mama." Edward, afisa mipango wa wilaya, alikuwa kijana mwenye adabu, alimwamkia shikamoo kwanza ndipo akamkatalia. Akanyoosha kalamu ukutani. "Mchangani ni hiki hapa. Nyabulela ni hiki kinukta. Ndiyo maana nyie mmebaki kitongoji chao."

Hosiana alikitazama kile kinukta. Yeye ndiye mwenyekiti wa kitongoji hicho, na alikuwa ametoka huko alfajiri, mwendo wa saa tatu kwa mtumbwi wa injini. Mchangani anakijua. Ni kisiwa tambarare cha mchanga, dakika arobaini tu kutoka mjini. Mtendaji wa kijiji yuko huko, zahanati iko huko, shule iko huko. Nyabulela ni mawe na kilima, na nyuma ya kilima udongo unaokubali mihogo. Lakini mtu wa Nyabulela akitaka barua yenye muhuri, lazima avuke maji kwa zaidi ya saa mbili. Wiki iliyopita jirani yake Eunice alivuka mara tatu kufuata barua moja ya utambulisho, na mara zote tatu mtendaji hakuwepo.

"Mwanangu, umewahi kufika Nyabulela?"

"Bado, mama. Ni mbali."

"Aliyechora hiyo ramani je?"

Edward akashusha kalamu.

"Basi asiyefika kwangu hawezi kunieleza ukubwa wa kwangu," Hosiana akasema, akachukua mkoba wake.

Kisiwani alimwendea Bartholomeo. Kabla ya kuja kuvua dagaa, Bartholomeo alifanya kazi Geita kwa miaka minane, akiwasaidia wapima ardhi wa mgodi. Mkataba ulipoisha, aliondoka na futi ya kupimia, utepe wa mita hamsini, ambayo hakuna aliyemdai.

"Nataka unipimie kisiwa," Hosiana akamwambia. "Na Mchangani pia."

"Mchangani pia, mayu?" Bartholomeo akauliza, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Watatufukuza."

"Watufukuze tukiwa tumemaliza."

Siku ya kwanza wanawake waliokuwa wakianika dagaa waliwacheka. Siku ya pili Eunice aliacha dagaa wake akashika ncha ya futi. Kufikia siku ya tatu kulikuwa na foleni ya watu wanaofyeka njia kilimani ili mstari usipinde. Bartholomeo aliilaza ile futi mara arobaini na sita kwa urefu, mara kumi na nane kwa upana. Mchangani walipima asubuhi moja tu, na aliyewapokea, mzee Masudi, aliwapa hata uji. Mara ishirini na nane kwa urefu. Kumi kwa upana.

Bartholomeo alipiga hesabu mara mbili, kisha akavua kofia. "Mayu, hicho kijiji kinaingia ndani ya kitongoji chake mara mbili, na nafasi inabaki."

Hosiana hakucheka. Alihisi hasira mpya, iliyotulia, ya mtu ambaye sasa ana ushahidi.

Taratibu zilitaka ombi la kuwa kijiji lipitishwe na mkutano wa kijiji, na mkutano hufanyika Mchangani. Miaka miwili mfululizo mawimbi yaliwazuia watu wa Nyabulela wasifike, na ombi likafa. Safari hii Hosiana aliitisha mkutano ufukweni kwao. Watu mia tatu na kumi na mbili walisaini, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba, na karatasi zikapelekwa wilayani pamoja na vipimo vya visiwa vyote viwili.

Baada ya siku tisa Edward akaja mwenyewe. Alishuka mtumbwini akiwa ametapika, suruali imelowa hadi magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu kwenye kinukta."

"Mama, huu mkutano wenu si halali. Nimetumwa niwaambie mfute hizo saini."

Watu walikuwa wamekwisha kusogea. Hosiana aliongea bila kupaza sauti. "Hatufuti. Kama mkutano halali ni ule tusioweza kuufikia, basi sheria hiyo imetuacha majini. Mkitaka kutushtaki, leteni hati ya mashtaka hapa hapa. Njia umeshaijua."

"Mimi ni mtumishi tu, mama."

"Najua. Kwa hiyo tumikia. Tembea."

Akatembea. Bartholomeo alimpitisha kwenye mstari uliofyekwa, kupanda kilima na kushuka kwenye mihogo, na Edward alikuwa akitazama simu yake iliyokuwa ikipima umbali. Alipofika mwisho wa kisiwa alikaa juu ya jiwe, jasho likimtiririka.

"Inasema kilomita mbili na mita mia tatu na thelathini," alisema polepole. "Mlipunguza."

"Tulipima kwa haki," Bartholomeo akajibu.

Edward alisema angeandika taarifa akirudi ofisini.

"Hapana," Hosiana akasema. "Iandike hapa, tukikuona."

Eunice alimletea meza ya kuanikia dagaa, akaifuta kwa kanga. Afisa akakaa, akaandika kurasa mbili, akasaini. Hosiana aliisoma yote kwa sauti mbele ya watu, neno kwa neno, na alipofika penye neno "kitongoji" alimrudishia kalamu.

"Hapa weka 'kisiwa'," akasema. "Hilo la kijiji mtalimalizia nyie. Sisi hatuondoki."