Kiraka Chini ya Dirisha

Picha ilimfikia Valdina Einarson Jumanne ya pili ya Mei, mwaka 2009, ndani ya bahasha ya kahawia. Alikuwa ameketi mahali pake pa kila Jumanne, chumba cha nyuma cha maktaba ya Gimli, mji mdogo kando ya Ziwa Winnipeg nchini Kanada, mkabala na Orest Hrycak, birika la kahawa na lenzi mbili katikati yao. Kwa miaka kumi na moja watu walikuwa wakiwaletea picha za ndege walizozikuta kwenye masanduku ya marehemu wao, wakitaka kujua ni ndege gani. Orest alikuwa fundi mstaafu wa injini za ndege. Valdina alikuwa mshonaji: enzi zile ndege zilipokuwa zikivishwa kitambaa, yeye alikuwa mmoja wa wasichana wanne waliozivisha, katika karakana moja ya Winnipeg.

Picha yenyewe ilikuwa hafifu. Ilionyesha ubavu wa ndege iliyosimama juu ya barafu ya ziwa. Pua imekatwa na ukingo wa picha, mkia umemezwa na mwanga. Mlangoni mwanamume mwenye koti zito alikuwa amempakata mtoto aliyeviringishwa blanketi.

Mwenye picha alikuwa Marguerite Muskego, mwanamke wa Kikri, mmoja wa watu wa asili wa nchi ile, kutoka Norway House, kaskazini mwa ziwa. Aliandika kwamba mtoto yule ni dada yake, Harriet, aliyekuwa na miaka sita na kifua kikuu. Alichukuliwa Aprili 1957, kabla Marguerite hajazaliwa, akafia huko alikopelekwa. Mama yao alizeeka na kufa bila kujua ni wapi. Marguerite alikuwa ameandikia ofisi nyingi, majibu hakuna. Alichobakiwa nacho ni ndege hii.

Orest alisoma barua mara mbili, akavua miwani akaifuta. Kisha akasema ni Norseman.

"Kwako kila ndege ni Norseman," Valdina alimwambia. "Hebu itazame nguzo inayoshika bawa. Pana kama ubao wa kupigia pasi. Norseman ina nguzo nyembamba."

Orest aliinamia picha kwa muda mrefu. "Bellanca," alikiri. "Skyrocket. Basi bi mkubwa, leo umenishinda."

Hiyo ilikuwa habari njema, kwa sababu Skyrocket hazikuwa nyingi katika nchi ile. Lakini namba ya usajili haikuonekana, na bila namba wasingejua ni ipi kati ya hizo chache. Valdina aliisogeza lenzi polepole ubavuni mwa ndege, kama alivyokuwa akipitisha kiganja zamani kutafuta uzi uliolegea. Chini ya dirisha la pili akakuta kiraka. Pembe zake tatu zilikuwa za mraba. Ya nne ilikuwa ya mviringo.

Akaweka lenzi mezani.

Machi 1957 alikuwa na miaka ishirini. Ndege hiyo iliingia karakanani imechanwa na kucha za mbwa wa kukokota sleji thelujini, aliyegoma kupanda. Alikata kiraka kwa haraka, mkasi ukateleza kwenye pembe moja, na badala ya kuanza upya akaikata mviringo, ikapendeza. Msimamizi alinuna. Rubani alicheka, akasema anataka kibaki hivyo hivyo ili aitambue ndege yake hata gizani. Rubani huyo alikuwa Skapti Helgason, aliyesafirisha samaki wa maziwa ya kaskazini na kubeba wagonjwa pale alipoombwa. Alinuka samaki na petroli, na kila Ijumaa alimletea Valdina samaki mmoja aliyefungwa kwenye gazeti. Walicheza dansi pamoja msimu mzima wa baridi. Kiangazi, Skapti alimwoa Lára.

Valdina hakumweleza Orest haya yote. Alimwambia tu kwamba kiraka kile ni cha mkono wake, na kwamba marubani huandika daftari la safari zao.

Skapti alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita. Lára alikaa mitaa miwili tu kutoka maktaba, na kwa miaka hamsini na mbili Valdina hakuwahi kukanyaga kibarazani kwake. Walisalimiana kanisani, basi. Alasiri hiyo alipiga hodi, picha mkononi.

Lára alimkaribisha jikoni, akamkatia kipande cha vínarterta, keki ya matabaka yenye jemu ya plamu, akaitazama picha. Alimtambua mumewe papo hapo kwa jinsi alivyosimama.

"Alimzungumzia mtoto huyu," alisema. "Alisema alikuwa mwepesi kama kuku, na njia nzima aliuliza majina ya mito."

Alikwenda chumbani, akarudi na madaftari yaliyofungwa kamba. Walifungua la 1957 pamoja, vichwa vikikaribia kugusana. Aprili kumi na sita: Norway House, mgonjwa mmoja, mtoto wa kike. Safari haikuelekea Winnipeg, kama familia ilivyodhani miaka yote, bali magharibi, kwenye mji uliokuwa na hospitali ndogo ambayo baadaye ilifungwa.

Kabla Valdina hajaondoka, Lára alimwambia bila kumtazama, "Nilijua kuhusu wale samaki."

"Walikuwa samaki tu," Valdina alijibu.

"Najua. Hata mimi niliwala wengi." Na wote wawili wakacheka, wakajimiminia kahawa nyingine.

Mwezi Juni, Orest aliendesha gari, Valdina mbele, Marguerite nyuma. Mwendo wa saa sita. Karani wa parokia ya mji ule, ambaye Valdina alimpigia simu, alikuwa amelikuta jina kwenye kitabu cha mazishi: Harriet, Novemba 1957, mstari wa nne. Pale palikuwa na nyasi na kipande cha mbao kisicho na maandishi.

Marguerite alipiga magoti, akaanza kuzungumza Kikri. Orest na Valdina walirudi garini, wakapandisha vioo kwa sababu ya mbu. Kutoka pale walimwona akizungumza taratibu, mikono ikieleza, kama mtu anayempa ndugu habari za nyumbani. Alizungumza karibu saa nzima.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu, ila uso umetulia.

"Nimemwambia kuhusu Mama," alisema. "Sasa nina njaa."

Walisimama kwenye mgahawa wa kandokando ya barabara, wakala samaki wa kukaanga na chipsi, na Marguerite akawasimulia habari za mama yake njia nzima hadi Gimli.