Sentensi Moja Kuhusu Uzi

Kila asubuhi kabla sijaenda kazini, mimi humtungia mama uzi kwenye sindano ya cherehani. Macho yake hayalioni tena tundu. Jumanne ile nilikuwa nimeinama, ncha ya uzi mdomoni, mwalimu mkuu wa shule ya jirani alipoingia bila hodi na kumwaga rundo la sare mezani.

“Mama Fundi, siku hizi unashona kwa mate?”

Mama alicheka, akidhani ni utani. Kisha akaokota sketi moja. Mshono wa ubavuni ulikuwa umeachia kutoka kiunoni hadi kwenye pindo.

“Mtoto kainama kuokota chaki, darasa zima likaangua kicheko,” mwalimu alisema. “Na si huyo tu. Ziko kumi na nne hapo.”

“Nisamehe, mwalimu. Nitazirudia zote. Labda mkono umezeeka.”

“Miaka yote hii tunakuja kwako, dada yangu. Lakini muhula ujao itabidi nitafute fundi mwingine.”

Mama alizivuta sare karibu. Alianza kuzikunja, akifunika palipofumuka kwa kiganja.

Uzi niliokuwa nimeushika ulitoka kwenye kiwanda kipya, cha pekee nchini. Sisi wa wizara ya viwanda ndio tuliopendekeza uzi wa nje uzuiwe miaka mitano, ili kiwanda hicho kichanga kipate kukua. Wazo lenyewe halikunitia aibu. Watu mia tatu wanakula kwa kiwanda kile. Kilichonitia aibu ni sentensi moja katika ripoti ya pendekezo hilo, ambayo mkuu wangu aliisifu sana: “Uzi wa ndani umepimwa na ni imara.” Niliiandika baada ya kunywa soda na meneja wa kiwanda, nikiwahi gari la ofisi. Hakuna aliyepima chochote.

“Nenda, mwanangu,” mama aliniambia kwa sauti ya chini. “Wizarani hawapendi wachelewaji.”

Mwalimu alikwishafika mlangoni. Niliuvuta uzi kidogo tu, ukakatika.

“Mwalimu, subiri.” Sauti ilinitoka nyembamba. “Mkono wa mama hauna kosa. Uzi ndio mbovu, na aliyeandika kwamba ni imara ni mimi. Sikuupima.”