Ukuta wa Matete

Kama kuna kitu Alistidia alikichukia karibu sawa na mama mkwe wake, ni ule ukuta wa matete uliokata sebule katikati. Ukuta angalau ulikuwa haumsemi.

Nyumba ya mumewe Buberwa, pale Kanazi, ilikuwa na bati jipya, na kila aliyepita njiani aliisifu. Waisifu tu, wao hawakulala humo. Ndani mlikuwa na sebule moja na vyumba viwili vya kulala ambavyo mtu akijinyoosha anagonga kuta zote. Upande wa mbele wa sebule ilisimama baiskeli ya Buberwa, ambayo haikulala nje hata siku moja, utadhani ingeshikwa na mafua. Upande wa nyuma, nyuma ya matete yaliyosukwa na marehemu baba mkwe, ndiko Kokwijuka, mama yake Buberwa, alikorundika mali zake: magunia ya kahawa, vyungu vyenye nyufa, vibuyu vya pombe ambavyo mnywaji wake alishazikwa chini ya migomba.

Upande ule haukutengwa kwa ajili ya vibuyu. Mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Ndivyo watu walivyolelewa, na hata padre alishachoka kuwauliza sababu. Mama wa mke akija kutembea, huketi nyuma ya matete, akasalimiana na mkwewe kwa sauti tu, akala chakula chake kwa heshima. Lakini Klaudia, mama yake Alistidia, hakuwahi kuketi pale tangu binti yake aolewe. Kila alipokuja kutoka Izimbya, na ni mwendo wa kuchosha, Kokwijuka alimwahi uani na kumwambia kwa sauti ya asali, "Waitu, mama, nyumba yetu imejaa. Hata paka hana pa kugeukia." Klaudia alikunywa maji akiwa amesimama, akageuza njia.

Mwaka ule Malkia wa Waingereza alipovikwa taji, kahawa ililipa vizuri, na Alistidia akamwomba mumewe aongeze chumba.

"Sijengi," alisema Buberwa, akipangusa spoki za baiskeli. "Nyumba inatosha."

"Inamtosha nani?"

"Mimi mbona nalala?"

Wiki ile ile zikaja salamu kutoka Izimbya: Klaudia atakuja Alhamisi. Na zilikuja na neno moja zito. Alikuwa ametoka kuugua na miguu haikuwa ile ya zamani. Akisimamishwa uani mara hii, hatarudi tena.

Alistidia alilia kidogo, kisha akakasirika, na hasira ilimfaa kuliko machozi. Mjenzi hayupo? Basi hatajenga. Atatoa nafasi ndani ya nyumba ile ile, kwa mikono yake, na mama yake ataketi kwenye kiti kama mtu.

Alianza na baiskeli, akaitoa nje barazani. Buberwa aling'aka, akaambiwa kama anaipenda sana alale nayo. Alipanga fito kwenye kenchi za paa, akapandisha magunia ya kahawa juu. Meza kubwa iliyokaa katikati kama mwenye nyumba aliisukuma ukutani. Alifyeka majani makavu ya mgomba yaliyoziba dirisha, na mwanga ukaingia ukaonyesha uchafu ambao hakuna aliyekuwa anaufahamu. Alipaka kuta udongo mweupe, akatandika nyasi mbichi sakafuni.

Kila kitu kiligombewa. "Hicho ni kibuyu cha mume wangu," alisema Kokwijuka.

"Kimetoboka, mama."

"Na wewe je, kichwani hujatoboka? Mbona hatujakutupa?"

Kibuyu kilienda jikoni, kwenye kibanda cha nyuma, na matusi yakakisindikiza.

Ukabaki ukuta wa matete. Hata baada ya kuondoa takataka zote, ukuta ule ulikula nusu ya sebule. Alistidia aliutazama kwa muda. Alhamisi ndiyo siku ya kupeleka kahawa kwenye chama cha ushirika. Buberwa hushinda huko hadi jioni. Mama yake atafika, atakula, ataondoka, na mkwewe hajarudi. Matete ya nini basi? Alichukua kisu, akajiandaa kwa vita.

"Nataka kuuondoa huu," alimwambia Kokwijuka.

Mama mkwe aliutazama ukuta wa marehemu mumewe, kisha akamtazama mukamwana wake, mke wa mwanawe.

"Kata," alisema.

Na akamshikia! Alishika ncha ya pili wakati kamba zikikatwa, akayakunja matete, akayabeba mwenyewe hadi jikoni. Mwanamke aliyegombea kibuyu kilichotoboka asubuhi, mchana anaachia ukuta mzima bila hata kununa. Mwenye akili angeketi chini akajiuliza. Alistidia hakujiuliza. Kichwa chake kilikuwa kimejaa nafasi.

Mwisho alitoa kioo kikubwa alichopewa na shangazi siku ya harusi, kilichokuwa kinazeeka chini ya kitanda. Sista mmoja aliyewafundisha wasichana kazi za nyumbani aliwahi kuwaambia kwamba kioo kikitundikwa kuelekea mlango, chumba huwa viwili. Alikitundika. Ikawa kweli: sebule ikaendelea hadi ndani ya ukuta, na migomba ya nje nayo ikaingia. Alisimama akijisifu, na Kokwijuka alipopita mlangoni nyuma yake akiguna, alimbinulia midomo.

"Nimekuona," alisema Kokwijuka kutoka mlangoni. "Kioo chako hakina siri. Nikiwa huku nje naona uso wako mbaya wote." Kisha akacheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

Alhamisi mvua ilianza kabla ya mchana. Klaudia alitokea kwenye migomba amejifunika jani kichwani, kikapu mkononi. Alistidia alimkimbilia, akiomba moyoni Kokwijuka asimwahi. Lakini Kokwijuka alikuwa ameshafika, na safari hii alipokea kikapu kwa mikono miwili.

"Mpola, waitu! Pole na safari, karibu ndani. Nafasi ipo."

Klaudia aliingia akasimama. Alitazama kuta nyeupe, paa, dirisha. "Mae!" alisema polepole, kama anamwita mama yake mwenyewe. "Mwanangu, hii yote ni yako?" Na Alistidia akafurahi, maana hilo ndilo alilolitaka, hilo tu, kuliko chumba chochote cha kujengwa.

"Mkwe wangu yuko?" Klaudia aliuliza kwa tahadhari.

"Yuko chamani, mae. Hadi jioni."

Hata hivyo Klaudia alikuwa mwanamke aliyelelewa. Aliomba kiti kinachoupa mlango kisogo, ili lolote litakalotokea, uso wake usionekane. Kokwijuka ndiye aliyekileta, akakiweka mwenyewe, akakisogeza kidogo kushoto, akarudi nyuma kukiangalia. "Hapo," alisema.

Kokwijuka alileta ndizi na nyama, na mvua ikapiga bati hata watu wakawa wanapaza sauti. Kwa hiyo hakuna aliyesikia baiskeli. Buberwa alifika barazani amelowa, akaona mgongo wa mwanamke mgeni kitini, na hapo hapo akajua. Hakuwa mtu mbaya. Alianza kugeuka kama inavyotakiwa. Lakini kabla hajamaliza kugeuka, macho yake yalipita kwenye kioo, na mle kiooni Klaudia alikuwa amemkazia macho, tonge likiwa mdomoni.

Tonge lilianguka. Klaudia alijifunika kitenge uso mzima, akainuka akipapasa kama kipofu, akagonga meza. Hapakuwa na pa kujificha popote. Kila upande palikuwa peupe. Alitafuta mlango wa nyuma kwa mikono, akatoka mvuani.

"Mae, ngoja!"

"Nyumba yako ni pana, mwanangu," alisema Klaudia kutoka nje, hajageuka. "Nimeiona. Sitaingia tena." Akaondoka hata bila jani la kujifunika.

Buberwa hakuingia. "Umenivua nguo mbele ya mama yako," alisema kutoka barazani. Akapanda baiskeli, akaenda zake.

Alistidia alikimbilia jikoni. Hakujua anataka kufanya nini, labda kuusimamisha ukuta tena, mara moja, halafu amkimbilie mama yake na kumwambia tazama, upo. Kwenye mafiga alikuta majivu na vipande viwili vya matete vilivyoungua nusu. Kokwijuka alikuwa amepikia chakula cha mgeni kwa ukuta ule.

Alirudi sebuleni. Kokwijuka alikuwa amehamia kwenye kiti cha Klaudia, anamalizia ndizi.

"Nani alimwambia Buberwa arudi?"

"Mimi. Nilimwambia leo kuna nyama, asiikose. Mama hawezi kumwita mwanawe ale?"

"Ulijua!"

"Nilijua."

"Na hukuniambia!"

"Uliniuliza?" Kokwijuka alilamba vidole. "Ulikuja na kisu, mukamwana. Hukuja na swali. Ulitupa vya mume wangu kimoja kimoja ili mama yako apate pa kukaa. Mimi nikae wapi?"

Alistidia alitaka kuondoka mbele ya macho yale, aende upande wa pili hata kwa muda wa kulia tu, na upande wa pili haukuwepo. Aligeuka ukutani. Mle kiooni alimwona mama mkwe wake ameketi nyuma yake, anamtazama, na kati yao hapakuwa na kitu chochote.