Mtoki Chini ya Sikio

Verdiana alikuwa amezika ndama wanne wa ng'ombe mmoja. Wote walilala nyuma ya zizi, na wote waliondoka kwa ugonjwa uleule. Mama yao, Madoa, alikuwa mzima kama kigongo. Alizaa vizuri na kukamuliwa vizuri, lakini kila ndama wake alipofikisha miezi miwili au mitatu, ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, ilimfuata. Mitoki ilivimba chini ya masikio, homa ikapanda, kikohozi kikaja, mapovu yakatoka puani, na wiki haikuisha kabla jembe halijatolewa.

Huyu wa tano alikuwa jike, mwekundu, mwenye paji jeupe. Madoa alikuwa amezeeka na asingezaa tena. Ndiye ng'ombe ambaye marehemu Kornelio, mume wa Verdiana, alianzia naye boma lao pale Gorong'a. Ndama huyu akifa, kizazi cha Madoa kimekwisha.

Ndiyo maana Modesta, afisa mifugo wa kata, alipotangaza chanjo ya ndigana, Verdiana alikuwa wa kwanza kufika joshoni, na kutoka kitongoji chao alikuwa peke yake. Modesta alimchoma ndama sindano mbili, moja chini ya sikio na nyingine kwenye msuli wa shingo, kisha akamtoboa sikio na kumvika hereni ya njano.

"Ile ya sikioni ina wadudu wa ndigana wenyewe, wazima," alisema bila kuficha. "Ile ya shingoni ni dawa ya kuwabana wasizaliane haraka. Ukiona chochote, nipigie."

Wangwe, kaka mkubwa wa marehemu, aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akashika mbavu. "Shemeji! Umepeleka ndama akawekewe ugonjwa? Kupe walikuwa wamekuomba msaada?"

Siku tisa zilipita salama. Siku ya kumi, Verdiana alipomfungulia ndama akanyonye asubuhi, mkono wake uligusa kitu chini ya sikio. Kilikuwa kigumu, kama yai la kuku. Masikio yenyewe yalikuwa ya moto.

Aliingia jikoni, akanyoosha mkono juu ya dari ya fito, akashusha chuma cha Kornelio. Kilikuwa chuma kirefu chenye ncha bapa, kazi yake moja tu: mtoki ukivimba, unauchoma ili ugonjwa ufie palepale. Ndivyo walivyofanya baba zao wote. Ndivyo Kornelio alivyowafanyia wale wanne. Akakisukuma kwenye makaa.

Wangwe alifika akiongozwa na moshi, au labda na pua yake ya kupenda mambo ya watu. Alimpapasa ndama, akaguna. "Nilisema. Chuma kikiiva niite nimshike miguu."

Verdiana alikitazama chuma kikibadilika rangi. Kornelio aliwachoma wanne. Wanne wako nyuma ya zizi. Hesabu hiyo hakuwahi kuifanya mpaka leo. Akatoa simu mfukoni, akampigia Modesta.

"Daktari, mtoki umevimba. Chuma kiko motoni."

"Mama, usimchome! Nipe nusu saa. Ananyonya?"

"Ananyonya."

"Basi kaa naye. Chuma kiache hukohuko."

"Anakuamuru kwa simu," Wangwe alisema, "kana kwamba ndama ni wake."

"Ndama ni wangu, shemeji. Na chuma ni changu. Kaa chini unywe uji."

Modesta alifika na pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hata kofia hakuvua vizuri. "Shikamoo mzee Wangwe."

"Marahaba. Umekuja kutuzika?"

"Nimekuja kupima." Akainua mkia wa ndama, akaingiza kipimajoto.

"Kichwa kinauma, yeye anapima huko," Wangwe alimwambia Verdiana.

Nyuzi arobaini nukta mbili. Modesta alisikiliza mapafu pande zote mbili, akachungulia macho na ufizi, akapapasa mtoki taratibu. Kisha akachuchumaa mbele ya mzee, si mbele ya Verdiana.

"Mzee, wezi wakiingia na ng'ombe wenye chapa ngeni, hapa mnafanya nini?"

"Tunapiga yowe. Watu wanakusanyika ritongo."

"Wanakusanyika wapi? Kila mtu nyumbani kwake?"

"Ritongo ni mkutano, binti. Mkutano una mahali pake."

"Basi. Mdudu wa ndigana ana chapa mwilini. Sisi tunaiita antijeni. Mwili haumjui mdudu kwa jina, unaijua chapa tu. Chapa ikionekana, inapelekwa hapa." Akagusa uvimbe. "Huu mtoki ndio uwanja wa ritongo. Mwili una askari wengi, wengi wao chapa hii hawaielewi. Wachache wanaielewa. Hao ndio wanaitwa mbele, na wanazaana mpaka uwanja unajaa. Unaoushika hapa si ugonjwa peke yake. Ni watu wamefika."

Wangwe aliweka chini kikombe cha uji. "Na sisi tunachoma uwanja."

"Mnachoma uwanja watu wakiwa ndani."

"Lakini mitoki ilivimba hata kwa wale wanne," Verdiana alidakia. "Hao askari wao walikuwa wapi?"

Modesta hakukimbia swali. "Walichelewa, mama. Kupe alileta wadudu wengi, na hakuna aliyewabana. Kabla askari hawajaijua chapa, wadudu wameshajaa mapafuni. Huyu amepewa wachache, na dawa imewachelewesha ili mkutano umalizike kwanza."

"Utamalizika vizuri?"

"Siwezi kukuapia. Nyuzi arobaini si mchezo. Akiacha kunyonya, au akikohoa, niite siku hiyohiyo nimchome sindano ya dawa ya ndigana yenyewe. Kesho nakuja kupima, keshokutwa pia. Moto wa chuma hautusaidii kwa lolote."

Verdiana aliingia jikoni. Chuma kilikuwa chekundu kama pilipili. Alikitoa, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji, kikapiga kelele boma zima likasikia.

Siku mbili hizo hakwenda shamba. Alimkatia ndama majani mabichi, akamhamishia kivulini, akahesabu pumzi zake hata asipohitaji kuhesabu. Kesho yake, nyuzi arobaini nukta nne. Ndama alinyonya kidogo akaacha, akasimama, akanyonya tena. Verdiana alishika simu mkononi mpaka ikalowa jasho. Wangwe alipita mara tatu akijifanya anatafuta mbuzi.

"Amekohoa?"

"Hajakohoa. Mbuzi wako yuko nyuma yako, shemeji."

Siku ya tatu Modesta alikitazama kipimajoto, akakifuta, akapima upya. Thelathini na tisa, joto la kawaida la ndama. Akamwonyesha Verdiana namba. Ndama naye alimpiga Madoa kiwele kwa kichwa mpaka maziwa yakamwagika. Mtoki ulianza kunywea.

"Sasa mkutano umetawanyika," Modesta alisema akikunja vifaa. "Lakini si wote walioondoka. Wapo watakaobaki wakiikumbuka ile chapa. Kupe akija nayo, hawataanza kuulizana. Josho usiache, kuna magonjwa mengine ya kupe ambayo askari wake hawajayasomea."

Mvua za masika zilikuja na kupe wake. Zizini kwa Wangwe ndama wawili walivimba mitoki. Mmoja alimchoma kwa chuma, kwa wa pili alimwita Modesta, lakini alimwita akiwa amechelewa. Wote wawili walizikwa. Ng'ambo ya ua wa miti ya minyaa, yule mwekundu mwenye paji jeupe alikula majani yaleyale na kunyonywa na kupe walewale, akarukaruka kwenye matope akiwa na hereni yake ya njano.

Wangwe hakuomba radhi. Si mtu wa hivyo. Siku ya chanjo iliyofuata Verdiana alimkuta joshoni, wa kwanza kwenye foleni, ameshika ndama watatu, anawakaripia wenzake wakae sawasawa.

Siku kumi na moja baadaye simu ya Verdiana ililia akiwa anapalilia mihogo.

"Shemeji! Mtoki wa mmoja umevimba! Chini ya sikio, kama yai!"

"Ananyonya?"

"Ananyonya kama mwizi."

"Anakohoa?"

"Hakohoi. Nimempigia daktari, yuko njiani." Kisha sauti ikashuka. "Kile chuma chako kiko wapi?"

Verdiana alisimama akaegemea mpini. "Unakitaka cha nini?"

"Sikitaki. Nauliza tu kama kiko mbali."

"Kinazuia mlango wa banda la kuku."

"Kiache hukohuko," alisema Wangwe. "Njoo ukae nami tuwasubiri watu wamalize ritongo lao."

Verdiana aliacha jembe kwenye tuta, akanawa mikono, akaenda.