Mikwaruzo ya Gari Jeusi

Garissa nzima, kila mwenye gari jeusi alimjua Abdilatif. Gari jeusi halina siri. Likisimama juani, kila kitambaa chenye vumbi kilichowahi kulipitia kinajianika: mikwaruzo myembamba ya duara duara, imeuzunguka mng'ao wa jua kama utando wa buibui. Waosha magari wengine karibu na daraja la Tana waliipaka nta ikafichika, na wiki mbili baadaye ikarudi. Abdilatif hakuificha, aliiondoa. Alisugua kwa mashine na dawa, kipande baada ya kipande, akiipunguza ile vanishi iliyofunika rangi mpaka ikawa sawa na kina cha mkwaruzo, wala asizidishe hata kidogo. Miaka kumi na tisa alifanya hivyo.

"Watu wanasifu mikono yangu," alizoea kusema, "lakini kazi hii ni ya macho."

Mvua za mwisho wa mwaka zilipopita, aliona kazi imekuwa rahisi. Boneti iliyokuwa ikimlia asubuhi nzima sasa aliimaliza kabla chai haijapoa. Alipitisha mashine mara mbili, akafuta, akainama kutazama, na mikwaruzo imekwisha! Alidhani ni ile dawa mpya aliyoagiza kutoka Islii, Nairobi. Jioni alimwambia mkewe, Ramla, kwamba, alhamdulillahi, amezeeka na mkono umekuwa mwepesi zaidi. Ramla akacheka. Kwa miezi miwili walikuwa na furaha hiyo nyumbani.

Aliyeivunja ni Hamdi, mwalimu wa kike wa sekondari, aliyerudi na gari lake la buluu siku moja tu baada ya kulichukua.

"Adeer, samahani," alisema kwa heshima, akimwita ami kwa Kisomali. "Labda ulikuwa na haraka. Tazama hapa mlangoni."

Abdilatif akainama. Aliona buluu tupu, safi, kama maji ya birika.

"Wapi?"

"Hapa, adeer. Na hapa. Mlango mzima."

Alikifuata kidole chake kikitembea juu ya rangi. Akadhani binti huyu anamtania. Alipoinua uso akakuta Hamdi haangalii gari tena, anamwangalia yeye.

Daktari wa macho alikuwa kijana mgeni katika mji, akizungumza Kiswahili polepole ili mzee amfuate. Alisema ni presha ya macho. Ilikuwa imekula mshipa ulio nyuma ya jicho kwa miaka, bila maumivu, bila kishindo. Angempa dawa ya matone ya kupunguza kasi.

"Na nuru ile niliyokwisha kuipoteza?"

"Hiyo hairudi, mzee."

Abdilatif akauliza habari ya miwani. Akauliza upasuaji. Akauliza Nairobi, kisha India, maana alijua watu waliokwenda India. Kila alipotaja kitu, daktari alitikisa kichwa, na kwa India alitikisa kwa huruma zaidi.

Nyumbani alisema ni vumbi tu. Chupa ya matone aliificha kwenye kibanda chake cha kazi, chini ya sponji. Akajaribu kuisoma rangi kwa vidole, lakini mikwaruzo ile haishikiki kwa kidole. Basi akaanza kuhesabu: kila kipande mashine ipite mara sita, si zaidi. Alifanya kazi kama mtu anayesali kwa mdomo huku moyo umekwenda kwingine, na kila mteja aliposema ahsante alibaki hajui kama ameshukuriwa kwa kazi au kwa umri wake.

Hivyo ndivyo alivyokuwa siku Rage alipofika kutoka kijijini kwao, Hadado. Walichunga ngamia pamoja utotoni. Binti yake Rage, Fathi, alikuwa anaolewa Garissa siku ya Ijumaa, na bwana arusi angempakia katika Land Cruiser nyeusi ya Rage mwenyewe, ambayo miiba ya njiani na vitambaa vya dereva vilikuwa vimeitia utando kila upande.

"Nataka watu wajione humo kama kwenye kioo," alisema Rage. "Wewe ndiye wa kunifanyia, walaal, ndugu yangu."

Palepale ndipo alipopaswa kusema ukweli. Maneno alikuwa nayo mdomoni. Lakini Rage alikuwa amemshika bega, anacheka, na Abdilatif akajisikia akijibu, "Njoo alasiri."

Alibandika tepu kwenye kingo, maana pale vanishi ni nyembamba. Akaanza kuhesabu. Kwenye boneti kulikuwa na mkunjo wa bati uliotokeza juu, ambao zamani asingekosa kuuona, naye akapitisha mashine juu yake mara sita kama kwingine. Kwanza ilimjia harufu ya kuungua. Akazima. Alipapasa kwa kiganja, na pale palipotakiwa kuteleza, palishika vidole: vanishi ilikuwa imeungua yote.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka Rage akaja. Alizisikia hatua zake zikilizunguka gari, kisha zikasimama.

"Limependeza," Rage akasema.

"Usinidanganye. Kuna doa?"

"Lipo."

"Kubwa?"

"Kama sahani. Wewe hulioni?"

"Silioni."

Rage akachuchumaa mbele yake. "Tangu lini?"

"Daktari anasema ni miaka. Mimi nimejua miezi mitatu."

"Na ukalichukua gari la arusi ya mwanangu unajua."

"Ndiyo."

Abdilatif alingoja matusi. Aliyataka. Angetukanwa, angalau angekuwa fundi aliyeharibu kazi. Lakini Rage alimwinua kwa mkono, polepole, kama mtu anavyomwinua mgonjwa, akamwondolea jiwe njiani kwa mguu. "Twende nikufikishe nyumbani, walaal," alisema. Na njia ilikuwa ile aliyoipita kila siku.

Ramla aliambiwa yote mlangoni. Hakulia mbele ya mgeni. Aliuliza jambo moja tu: "Hata mimi ulinificha?"

Ijumaa arusi ilipita. Doa la boneti lilifunikwa kwa maua na kitambaa cheupe. Abdilatif alialikwa, hakwenda.

Aliendelea kwenda kibandani kila asubuhi kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Wateja walikuja. Aliwaambia amejaa, warudi wiki ijayo, na walitazama kibanda kitupu wakaondoka bila kubishana. Wiki iliyofuata walikuja wachache. Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, magari yalikuwa yakipita kuelekea darajani bila kupunguza mwendo, naye aliyajua kwa sauti tu.