Folda ya Mwisho Kabisa

Fundi wa programu alikuwa na folda kumi na moja, na majina yake yangemtia aibu mtu yeyote mwenye haya: "mwisho", "mwisho mpya", "mwisho kabisa", "hii ndiyo", "usiguse". Miaka mitatu aliishi hivyo. Akibadilisha kitu ananakili folda nzima, anaibandika jina lolote, maisha yanasonga. Na programu yenyewe haikuwa ya mchezo. Iliwapigia manesi hesabu ya dawa za watoto: nesi anaandika umri na uzito, programu inamwambia ampe mtoto kiasi gani.

Wiki tatu nyuma, nesi mmoja aliyekuwa peke yake kwenye wodi iliyojaa alisahau nukta. Mtoto wa kilo nane na nusu akaandikwa themanini na tano, akapewa dawa mara kumi ya kipimo chake. Mtoto alipona, Mungu ni mwema, lakini nesi alisimamishwa kazi. Na nesi huyo hakuwa mtu baki. Alikuwa wifi yake fundi, mke wa kaka yake.

"Zamani ilikuwa inanikatalia," wifi aliiambia kamati ya hospitali iliyokuwa ikichunguza mkasa huo. "Nikikosea uzito inatoa onyo, haiendelei mpaka nisahihishe."

Kamati ikamwita fundi. Akaifungua programu mbele yao, akaikagua, akasema kwa moyo mweupe kwamba onyo la namna hiyo halijawahi kuwepo. Tangu siku hiyo wifi hakumpa hata salamu. Kaka mtu naye akawa anajibu simu kwa "mm" na "haya". Fundi alijua wamemnunia, na ilimuuma, maana alikuwa amesema kweli.

Mkasa huo ndio uliomfanya meneja atoe amri. Kuanzia sasa, kazi yote iingie kwenye programu ya kutunza matoleo, ile inayoandika nani kabadilisha nini, lini, na kwa nini. Jirani yake wa meza, waliyezoea kumwita Miwani, akakaa naye asubuhi nzima kumfundisha.

"Anza na folda ya leo," Miwani alisema. "Hayo makuukuu tupa, unajitafutia nini?"

Alitafuta ushahidi. Alitaka siku wifi akikubali kukaa naye amwonyeshe kwa macho yake: tazama, tangu mwanzo hakuna kitu. Basi akaziingiza zote, moja baada ya nyingine, kila moja na tarehe yake, kisha akafungua ukurasa wa tofauti. Kilichoongezwa kinakuwa kijani, kilichoondolewa kinakuwa chekundu.

Folda ya pili, kijani: uzito usipolingana na umri, toa onyo, simama. Folda ya tatu, "mwisho kabisa", mistari ileile, myekundu.

Tarehe ilimrudishia kila kitu. Ilikuwa siku ya kuwaonyesha wakubwa kazi. Alikuwa akijaribu kwa namba za kubuni, onyo likawa linamkatiza kila dakika, akalitoa asije akaumbuka, akajiambia atalirudisha jioni.

Miwani aliona. Akashusha sauti. "Futa hii historia, tuanze na ya leo. Dakika mbili tu. Mimi sijaona kitu."

Tusimpambe fundi: alitamani. Mkono ulikaa juu ya kibodi muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema. Halafu akairudisha ile mistari mahali pake, na ile programu ya matoleo ilipomuuliza sababu, akaandika: "Narudisha onyo nililolitoa mimi." Akachukua simu.

"Wifi, onyo lilikuwepo. Nililitoa mwenyewe nikasahau. Naenda kuiambia kamati sasa hivi."

"Jana nimewapelekea barua," wifi alisema taratibu. "Nimekiri kwamba lile onyo nililitunga nijiokoe."

"Lakini si ulijua lilikuwepo?"

"Nilijua. Ukasema halikuwepo, na wewe hujawahi kunidanganya. Nikaona aibu hata kukusalimu. Nikajua ni kichwa changu kimeharibika. Wiki hizi zote, wifi, kila nikitoka jikoni namwita kaka yako aje aangalie kama kweli nimezima jiko."